Tangu Siku ya Praima

Kuna harufu moja inayonifukuza popote nilipo. Si ya samaki aliyeoza wala ya mtaro. Hizo nimelala nazo na nimeamka nazo. Ni harufu ya rangi ya kupuliza ikiwa bado mbichi juu ya plastiki. Juzijuzi nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya gereji huko Makambako. Asubuhi moja kijana wa gereji akaning'iniza bampa kwenye mparachichi, akaanza kutikisa kopo. Ile gololi ya ndani ilipoanza kugonga, tak, tak, tak, niliacha chai mezani, nikavaa viatu, nikatembea mpaka stendi na baridi yote ile. Jioni mama mwenye nyumba aliniuliza kama nina pumu. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Pumu ni rahisi kuieleza.

Wenye umri wangu waliokulia Mafia watakumbuka jinsi magari yalivyokuwa machache, na jinsi yalivyozeeka haraka. Kisiwani chuma huliwa na chumvi na plastiki huliwa na jua. Baba alikuwa na gari dogo jeupe aliloachiwa na mwalimu mmoja wa bara aliyehamishwa, akawa anabebea wageni kutoka uwanja wa ndege mpaka Utende. Bodi yake ilikuwa bado nzima. Tatizo lilikuwa kila kilichokuwa cha plastiki: bampa la mbele na la nyuma, vifuniko vya vioo vya pembeni, vishikio vya milango, na ile mikanda mirefu inayopita chini ya milango. Zamani vilikuwa vyeusi. Sasa vilikuwa vimepauka kama midomo ya mtu aliyefunga.

Nilikuwa darasa la nne. Siku moja baba akaegesha gari uani kwetu Kilindoni, akatandika jamvi, akaanza kufungua kipande kimoja kimoja, akiweka skrubu ndani ya kifuu ili zisipotee. Nikakaa pembeni yake. Nikamuuliza kwa nini asipake tu vikiwa garini. Akasema rangi itaruka mpaka kwenye bodi. Nikamuuliza kwa nini lazima visuguliwe. Akasema, "Mbao ina vinyweleo, inakunywa rangi. Plastiki haina vinyweleo. Usipoikwaruza, rangi inakaa juu kama mgeni mlangoni. Siku ya tatu inaondoka." Halafu akanipa kipande cha msasa na ndoo ya maji ya sabuni, akasema, "Haya fundi, itie vinyweleo."

Ndivyo jina hilo lilivyoanza. Kabla ya hapo aliniita kwa jina langu, tena kwa ukali. Baada ya siku ile nikawa fundi, na mtoto akishapewa jina zuri na baba yake, hana tena la kuuliza juu ya huyo baba.

Tulifanya kazi ile kwa wiki tatu, kila asubuhi ambayo baba hakuwa na wageni na mimi sikuwa shule, na baadhi ya asubuhi ambazo nilipaswa kuwa shule. Kulikuwa na saa zake. Mapema mno kulikuwa na umande, na rangi ikipigwa kwenye unyevu inaota ukungu mweupe. Ukichelewa, upepo unaanza, na mchanga wa Kilindoni unakuja kulala juu ya kazi yako. Baba alifunga chandarua kuukuu cha buluu kati ya nguzo mbili za kuanikia nguo, na bampa likaning'inia ndani yake kama mtu aliyelala. Mimi niliingia humo nikiwa nimefungwa kitambaa puani. Nje dunia yote ilikuwa ya buluu: kuku wa buluu, mama wa buluu akiingia na kutoka kwenye kibanda cha kupikia.

Lazima niseme juu ya kibanda hicho. Kilikuwa cha makuti, na ndani mna mafiga matatu. Mama alipikia kuni, na zikipungua alipikia makumbi ya nazi. Makumbi yana moshi mwingi kuliko moto. Kila baada ya muda mfupi alitoka nje, akasimama ameinama, akajifuta macho kwa upindo wa kanga na kukohoa mpaka mabega yakatetemeka, kisha akavuta pumzi na kurudi ndani kama mtu anayepiga mbizi. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Mimi nilidhani alizaliwa nayo hivyo, mpaka siku alipotoka kwenye arobaini ya dada yake kule Baleni, ambako hakupika kwa wiki nzima, na nikaona macho ya mama yangu ni meupe.

Siku ya kupiga praima, ile rangi ya msingi, alikuja Bwana Kombo, rafiki wa baba, dereva wa bodaboda. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, fundi. Naona bibi anaogeshwa."

"Si bibi, mjomba. Ni bampa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ama kweli! Mtu akitaka kuongeza jiko, hata gari linasuguliwa magaga!"

"Kombo, chunga mdomo," baba akasema. "Kuna mtoto."

"Mtoto gani? Huyu si fundi?"

Kila asomaye Kiswahili anajua jiko la namna ile ni jiko gani. Mimi sikujua. Mimi nilijua mafiga matatu, na nilijua jiko la gesi nililoliona nyumbani kwa yule mwalimu siku tulipokwenda kuchukua gari, lenye mdomo wa moto wa buluu usio na moshi hata kidogo. Basi moyo wangu uliruka. Nikatoka ndani ya chandarua nikiwa na kopo mkononi.

"Baba, tunaongeza jiko? La gesi? Kama la mwalimu?"

Baba akamtazama Bwana Kombo. Bwana Kombo akatazama pikipiki yake. Baba akalichukua lile kopo la praima mkononi mwangu, akalitikisa kwa muda mrefu, ingawa nilikuwa nimeshalitikisa.

"Enhe," akasema. "La gesi. Lakini usimwambie mama yako. Tumshtukize."

"Atashtuka," Bwana Kombo akasema. "Hilo halina shaka."

Nimeirudia ile "enhe" mara nyingi, katika vyumba vingi. Baba hakuutunga uongo ule. Niliuangusha mimi, yeye akauokota.

Kuanzia hapo sikuwa na usingizi wa asubuhi. Kila nilichosugua nilisugua kwa ajili ya macho ya mama. Katika akili yangu ya miaka kumi hesabu ilikuwa wazi kabisa: gari likipendeza, wageni watalipenda, wageni wakilipenda, jiko litakuja. Siku ya pili baada ya praima baba aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, "Fundi, hivi mwanamke anapenda rangi gani?" Nikajibu bila kufikiri: damu ya mzee. Ndiyo ilikuwa rangi ya kanga ya mama ya kutokea. Mabampa yangebaki meusi, tukakubaliana, lakini vishikio na vifuniko vya vioo viwe damu ya mzee. Makopo yalitoka Dar na mtu wa boti, na vifuniko vyake vilikuwa na ile rangi yenyewe. Nilikilamba kidogo kimoja kujua ladha yake. Haina ladha.

Mkono wa kwanza wa rangi, baba alinifundisha, uwe kama vumbi tu. Usitake kufunika. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye kitu, pita juu yake bila kusimama, uachie ukishatoka upande wa pili. Ukisimama katikati, rangi inajaa na kutiririka, na yale matone yakikauka aliyaita machozi. Hayaondoki mpaka uanze upya na msasa. Subiri. Mkono wa pili. Subiri. Wa tatu. Yeye mwenyewe hakuweza kusubiri. Vishikio viwili vya kwanza alivipaka yeye na vyote vikalia. Akavitupa kwenye jamvi, akatukana chini kwa chini, akanipa kopo. "Piga wewe. Mkono wako mwepesi." Nikavisugua upya, nikapiga. Vilitoka kama vya dukani. Alivigeuzageuza juani, akasema, "Mashallah. Nani atajua hii ni kazi ya mtoto wa kike?" Sijawahi kusifiwa na mtu yeyote tena nikajisikia vile.

Mama hakuwa mjinga. Siku moja alikuja na kikombe cha uji wangu, akasimama nje ya chandarua, akaangalia vile vipande vyekundu vinavyong'aa.

"Mnampambia nani hilo gari?" akauliza.

"Wageni," baba akasema. "Wazungu hawapandi gari lililopauka."

Mama akanigeukia mimi. "Eti?"

Nikaweka mkono mdomoni. Kicheko kilikuwa kinanitoka puani. Mama aliponiona nacheka, akacheka na yeye, akanipa uji. Alicheka kwa kuniamini. Alinitazama mimi, si baba, akaona furaha, akaondoka akiwa ametulia.

Nilishindwa kabisa kutunza furaha ile. Nilipima kwa fito sehemu ya kuweka jiko ndani ya kibanda. Nilimwambia mama, "Siku zako za moshi zinahesabika," akanijibu, "Kwani nakufa?" Nikasema, "Utaona." Akanirushia maganda ya muhogo.

Ijumaa ya wiki ile ya tatu gari liliondoka. Baba alikuwa amelifunga kila kitu jana yake, na mimi nilikuwa nimelizunguka kwa kitambaa laini mpaka nikaona meno yangu kwenye kifuniko cha kioo. Alivaa kanzu, kofia, na manukato. Alisema anapitia msikitini kisha ana mgeni wa Utende. Mama alikuwa ameketi ukumbini na jirani yetu Bi Hadia pamoja na wanawake wengine wawili wa mtaani, wanasuka ukili wa mikeka. Gari lilipopinda kona Bi Hadia akasema, bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Mgeni huyo wa leo atakuwa mkubwa. Manukato yamefika mpaka huku."

"Atakuwa waziri," mmoja akasema, wakacheka.

Mimi nilikuwa nimebana siri siku kumi na kitu. Nikaona sasa baba ameshakwenda kulichukua, hata nikisema haidhuru, jiko liko njiani. Nikaruka katikati ya ukumbi.

"Si mgeni! Baba kaenda kuongeza jiko!"

Hakuna aliyecheka. Ukili wa Bi Hadia ulisimama hewani. Mama alikuwa anachambua miyaa mipya, akaiweka chini, mmojammoja.

"Umesema nini?" akauliza polepole.

"Anaongeza jiko, mama! Tulitaka kukushtukiza. Mimi ndiye niliyepaka rangi."

"Nani kakwambia?"

"Baba."

"Toka lini?"

"Tangu siku ya praima," nikasema kwa fahari.

Mama hakujua praima ni nini. Lakini alijua bampa liliingia kwenye chandarua lini, maana uji aliuleta yeye. Nilimwona anahesabu siku nyuma, na nikamwona anafika kwenye ile siku niliyocheka nikiwa nimeziba mdomo. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki na wale wanawake, bado natabasamu, nikisubiri mtu anieleze kwa nini habari njema imekwenda hivi.

"Jiko la gesi," nikawaambia. "La moto wa buluu."

Bi Hadia akarudisha ukili mapajani. "Mtoto wa miaka kumi," akawaambia wenzake, "hajui jiko?" Na mwingine akajibu, "Anajua. Watoto wa siku hizi! Ni wa baba yake huyo."

Aliyenieleza ni binti wa Bi Hadia, kwenye bomba la maji, saa ile ile, kwa maneno mafupi ambayo siyaandiki. Baba alikuwa anaoa Utende. Gari lilikwenda kumpokea bibi harusi, na vishikio nilivyovipiga mikono mitatu ndivyo angevishika akipanda.

Nilikimbia nyumbani, nikagonga mlango wa mama. Nikasema sikujua. Nikasema nilidhani la gesi. Nikasema baba mwenyewe alisema la gesi. Nilisema kwenye tundu la kitasa, chini ya mlango, dirishani. Alitoka magharibi kupika kama kawaida, macho mekundu kama kawaida, nami sikuweza kujua kipi ni moshi na kipi si moshi. Nikarudia maneno yote. Akasema, "Kula." Hakunipiga. Laiti angenipiga ningelia, tukamaliza.

Baba alikaa fungate siku saba. Katika siku zile saba nilikuwa na tumaini moja tu, na nililishika kwa mikono miwili: baba akirudi atasema. Neno moja lake lingetosha. Mama asingelazimika kuniamini mimi, angemsikia yeye. Kwamba ameoa, hilo nililiona ni jambo lao. Watu wengi kwetu wana wake wawili na dunia haijapasuka. Jambo langu lilikuwa lile neno. Nilikaa barabarani kila jioni nikiangalia gari jeupe lenye masikio mekundu.

Siku ya nane lilikuja. Kwenye kioo kimoja kulikuwa na kipande cha utepe kilichosahaulika. Baba aliteremka na mfuko wa halua, akasalimia kwa sauti ya juu kupita kiasi. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda na mwiko mkononi. Aliitikia salamu. Nikamvuta baba kwa kanzu.

"Baba, mwambie mama. Mwambie ulisema la gesi."

"La gesi nini?"

"Jiko. Siku ya praima. Nilikuuliza kama la gesi, ukasema enhe."

Alinitazama. Ninaapa kwamba alikumbuka. Niliona macho yake yakienda pale zilipokuwa nguzo za kuanikia nguo, yakarudi. Kisha akamtazama mama, na nikaona jinsi alivyopima. Akikubali, atakuwa mtu aliyemtumia mwanawe kama kifuniko. Akikataa, atakuwa tu mwanamume aliyeoa mke wa pili.

"Mimi sijazungumza na mtoto habari hizi," akasema. "Atakuwa kayasikia kwa Kombo. Kombo ana mdomo."

"Baba!"

"Na wewe," akanigeukia, kwa ile sauti yake ya zamani, akiniita kwa jina langu, "kama ulijua toka siku zile, mbona hukumwambia mama yako?"

Akaweka halua juu ya kinu, akaingia ndani kulala.

Kesho yake, yeye akiwa bado amelala, nilichukua msumari nikaenda kwenye gari. Nilichuchumaa mbele ya kishikio cha mlango wa nyuma. Nilitaka kuanzia pale. Lakini rangi ilikuwa imeshika. Hapakuwa na chozi hata moja, ukingo ulikuwa umenyooka, na jua la asubuhi lilikuwa ndani yake kama ndani ya maji. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa yangu. Nikatupa msumari.

Nikiwa bado nimechuchumaa hapo, mama akatokea mlangoni na sinia la chai. Nilidhani anakuja kwangu. Akaniwekea sinia mikononi, akaonyesha kwa kidevu chumba alicholala baba.

"Mpelekee mwenzio," akasema.

Siku ile sikulitilia maanani neno hilo. Lakini jioni ikawa, "Mwenzio anakuita." Kesho yake, "Mwenzio amelala Utende leo?" Wiki, mwezi, mwaka. Mama hakunisema, hakuninyima chakula, nikiumwa alinikesha. Aliacha tu kusema baba yako. Wadogo zangu walizaliwa, na kwao alikuwa baba yenu. Kwangu alikuwa mwenzio. Mara mbili nilijaribu kumweleza tena, nikiwa mkubwa zaidi, na mara zote mbili alinikatiza kwa upole, "Yameshapita hayo." Nikaacha shule darasa la sita, nikapanda boti na shangazi aliyekuwa anakwenda Lindi, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili.

Simu ilinikuta njiani, nikibadilisha basi. Mama hapigi simu kwa kawaida. Hutuma watoto wapige. Nilisikia sauti za wanawake nyuma yake na mtu akiuliza sanda imefika.

"Mwenzio katutoka," mama akasema. "Alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri."

Nilijua. Lakini nilikaa juu ya begi langu, katikati ya kelele za stendi, nikamuuliza, "Nani, mama?" Nilitaka tu, kwa mara moja, leo, anitajie baba yangu.

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mwenzio," akasema. "Kwani una wenzio wangapi?"